Si Kila Anayenuka ni Mwizi wa Pamba

Masumbwe

Kaka Theonest,

Shikamoo. Natumaini vumbi la maduara ya dhahabu ya Rwamgasa halijakuzidi kifua. Huku nyumbani sote tu wazima, na ng'ombe wanapata majani.

Uliniandikia kwenye simu: "Kila mdudu anayenuka ni mwizi wa pamba. Amosi apulize dawa shamba zima Jumatatu." Kaka, hoja hiyo ni mbovu. Harufu ni silaha tu ya kumfukuza ndege. Mwizi anayo, na mlinzi anayo.

Kunguni hawa wa shambani wote wana ngao ya pembetatu mgongoni, ndiyo maana watu huwachanganya. Mgeuze chali, utazame mrija wa mdomo. Wa kijani, anayefyonza vitumba vya pamba, mrija wake ni mwembamba kama uzi, umelala kifuani. Yule wa kahawia wa shambani kwetu ana mrija mnene. Huunyoosha mbele, akamchoma funza wa pamba na kumnyonya mpaka ibaki ngozi.

Wiki iliyopita mkeo, Mama Adam, aliwaita majirani kama ilivyo desturi, waje kuokota wadudu kwa mkono. Kila aliyenuka alipofinywa aliingia chupani. Niliwapinga. Jirani yetu Lusia akasema mimi ninayegombana hata na redio niwagombeze wadudu, watahama wenyewe. Wakacheka, wakamaliza upande wa mtoni. Leo upande huo funza wametoboa karibu kila kitumba. Upande wa njiani, ambako mvua iliwakatiza, kunguni wa kahawia wangali kazini na pamba imesimama. Mama Adam alimwona mmoja akiburuta funza aliyemzidi urefu. Akasema dawa ikipita hapo, walinzi hao watakufa, pamba itaisha, na watoto watarudi shule na sare zilizochanika.

Sasa lipokee hili. Jana nilikwenda kwa Amosi mpuliza dawa nikamwambia umebadili nia, asije. Nilisema uongo kwa jina lako. Mama Adam hajui. Anajisifu kwa wenzake kwamba mumewe husikiliza hata akiwa shimoni. Lusia amejibu kwamba hajapata kuona mwanaume wa ukoo wetu akibadili nia, labda dhahabu imekulainisha.

Mama anakusalimu sana, nawe tusalimie Mayala na wenzako wa duarani.

Amosi atakupigia kuhakikisha. Mwambie ni kweli, ulisema wewe. Hasira zako niletee mimi ukija, pamba ikiwa imeshaingia kwenye magunia.

Mdogo wako,
Scolastika