Dirisha la Ramazani

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri na mtaa wetu wote wa Alunguli ni matope. Moyo wangu nao hivyo hivyo.

Wiki nzima nimekuwa nikijisifu kwenye ukurasa huu. Basi leo acha niandike na aibu yangu.

Kazi yangu ni kuchora kadi za harusi na mabango kwa kompyuta. Ila kwa miezi mingi nimekuwa nikitazama kwenye simu mambo wanayobuni watu wa mbali: chungu cha kale kilichovunjika, ukikigusa vipande vinajiunga mbele ya macho yako; mji mzima unaoanza kunyeshewa mvua pale unapopitisha kidole. Nilitazama nikaona wivu mpaka machozi. Nikajiambia nasi tunacho cha kugusa.

Nikachora mtaa wetu jinsi ulivyokuwa miaka ya vita. Nyumba zote ziko gizani. Ukigusa dirisha, taa inawaka, jina la mtu linatokea, na sauti ya ndugu yake inasimulia alivyokufa. Juu niliandika: Wafu wetu wa vita. Nilizunguka kwa miguu kurekodi sauti hizo, na watu walinifungulia mioyo yao.

Dirisha la mwisho nikaliweka la kaka yangu Ramazani. Askari walimbebesha mizigo yao wakaenda naye njia ya Lubutu. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Hatukupata habari yoyote wala mwili, kwa hiyo hatukuweka matanga. Kwetu humlilii mtu ambaye hujui alipolala, utamwitia kifo. Mama amemngoja hadi leo. Sikumwomba ruhusa. Sauti kwenye dirisha lile ni yangu.

Nilijua. Nisijifanye sikujua.

Jumatatu mchoro huo ulianza kupita simu hadi simu. Nilifurahi kama mtoto. Jana asubuhi wakaja wanawake wa mtaa, jirani yetu Mama Zaina mbele, mikeka kichwani, sukari na unga mikononi. Walikuwa wameliona dirisha. Kwao habari ilikuwa imefika hatimaye: Ramazani amekufa, na mwenye kusema ni dada yake wa tumbo moja. Wangekaaje majumbani mwao? Wakaanza kulia kabla hawajafika mlangoni.

Mama alikuwa anapepeta mchele. Alidhani kilio ni cha nyumba nyingine, akainuka atafute kitenge aende kuwasaidia.

Mama Zaina alipomkumbatia na kumtajia jina la Ramazani, Mama hakulia. Aliwasimamisha mlangoni, akawaomba warudi na mikeka yao. Kisha akanigeukia.

"Kaburi yake iko wapi? Wewe njo ulimuzika?"

Aliuliza kama mimi ndiye niliyemzika. Ukweli ni kwamba nimechoka kungoja. Nilitaka awe amekufa ili sisi tuendelee kuishi, nikaupamba uchovu wangu kwa taa na rangi, nikauita ubunifu. Hakuna mtu wa mbali aliyenifundisha hilo.

Leo alasiri nimelifuta dirisha. Nikampelekea Mama simu aone kwamba limeondoka. Akapitisha kidole polepole, nyumba kwa nyumba, akisikiliza majirani wakiwataja wafu wao. Alipofika mwisho akaanza tena mwanzo. Nilingoja anitukane.

"Watoto ya wengine wote iko," akasema. "Wangu tu njo hana hata dirisha. Murudishe."

Nikamrudisha. Mama akagusa, taa ikawaka, akanisikia nikisema kwamba kaka yangu amekufa. Akavua kandambili zake, akaketi chini sakafuni, akaanza kulia kilio alichokizuia tangu vita.

Nimekaa karibu naye na sithubutu kumshika mkono. Matumaini yake yote yalikuwa yamebaki mikononi mwangu, nami nimeyamaliza.

Kesho wanawake watarudi na mikeka yao. Safari hii hakuna atakayewazuia mlangoni.