Khidma ya Zuwena

Bawshar, Maskati, usiku wa Ijumaa

Kumbe maskini mwenyewe ni mimi. Likizo nzima mjukuu wangu Zuwena, anayesoma skuli ya kanisa huko Marekani, kila alasiri anakuja kukaa na mimi. Ananikata kucha, anausikiliza uongo wangu wa ujanani, ikifika magharibi tunasali pamoja. Nikamtania, "Padri wako akikuona je?"

Akacheka. "Babu, kule kila mtu anasali kwa dini yake. Padri mwenyewe ndiye anayenikumbusha sala."

Nikampenda padri yule, Mungu anisamehe.

Leo kaja mbio, kafurahi. "Babu, nimemaliza khidma yangu!"

"Khidma gani, we shetani?"

"Ya skuli. Kila mwanafunzi likizo lazima amsaidie mtu mpweke."

"Na wewe mpweke wako ulimpata wapi?"

Akaushika mkono wangu, akaubusu.

Nikajichekesha, nikamwambia amsalimie padri. Kesho anakwenda moli, kwenye maduka, na wenzake. Hiyo alasiri sijui nitaifanyaje. Nna watoto watano hapa hapa Maskati, na aliyekuja kunitazama katumwa na kanisa.