Masomo ya Khadidja Hayafungwi

Buyenzi, Bujumbura
9 Machi 2024

Mpendwa mdogo wangu Shakuru,

Asalaam alaikum. Hamjambo huko Ujiji? Mgongo wako unaendeleaje, na shemeji amepona malaria? Sisi tu wazima. Mvua ni nyingi. Kule Gatumba maji yameingia majumbani, watu wameanza tena kuhamisha magodoro, ila mtaani kwetu bado ni pakavu.

Kwanza nikutoe wasiwasi: masomo ya Khadidja hayafungwi. Najua binti yako alisoma tangazo kwenye simu akalia, maana amefika nusu ya kozi ya dawa, na bila cheti yule mwenye duka la dawa aliyemwahidi kazi hatamwajiri.

Ilikuwa hivi. Wafadhili waliolipia kozi hiyo ya mtandaoni waliondoka mwaka jana. Chuo kikuu kinachoiendesha kikaamua kila anayeingia alipe. Mimi, ninayesoma masomo hayo kwa sauti, kwa Kiswahili, yakarekodiwa, niliona wanafunzi wakipungua hadi wakawa kama safu ya swala ya alfajiri. Mweka hazina, Bwana Melchior, akatangaza kufunga. Sikumlaumu, walimu hawali dua.

Siku ya mtihani nilikwenda kwenye ukumbi wa mtihani kule Kigobe kuaga. Waliojiandikisha walikuwa ndani, wachache. Nje uani palijaa watu: jirani zao, wake zao, hata fundi mmoja mwenye grisi mikononi. Kumbe mmoja alikuwa akilipa, simu inawekwa katikati ya ua, wote wanasikiliza.

Melchior akang'aka: “Kumbe munaiba masomo!”

“Apana, patron,” akajibu Epiphanie, mama anayeuza katika duka la dawa. “Mzee Amissi huyu hapa anasoma kwa nguvu, na sisi tuko na masikio. Leta mutihani, tulipe.”

“Mulipe nini, na masomo mumeshapata bure?”

“Cheti! Somo mutu anasikia kwa jirani. Cheti, jirani hawezi kukuazima.”

Watu walicheka, na Melchior naye. Kisha akatazama ule umati kama mtu aliyeonyeshwa duka lake mwenyewe.

Wiki hii baraza la chuo limekata shauri. Masomo yatabaki wazi kwa kila mtu. Atakayetaka mtihani na cheti ndiye atakayelipa, na maduka ya dawa yatawalipia wafanyakazi wao. Si utajiri, na watahiniwa wakipungua tutarudi mezani. Lakini kozi inaweza kuendelea bila kumngojea mfadhili, nami nimelala vizuri.

Khadidja atafanyia mtihani Kigoma, msimamizi amepatikana. Ada asiulize, hiyo ni ya baba yake mkubwa.

Shakuru, mimi na wewe tulitoka nchi hii shule ikiwa haijaisha. Vitabu nilivisoma vingi ugenini, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza nimeelewa nini. Huyu mtoto ataulizwa. Mwambie arudi kwenye somo la saba leo hii.

Msalimie shemeji Mwanasiti, na Atumani na watoto wake. Mungu awape afya, na riziki isiyo na mashaka.

Kaka yako akupendaye daima,
Amissi