Nilimwandikia Kila Aliyesaini Kitabu cha Wageni

Shikamoo Mama Felista. Najua barua nyingi unazopokea ni za ndoa na wakwe, yangu ni ya barua pepe, lakini naomba usinicheke kabla hujaimaliza, maana Ijumaa ya wiki ijayo tuna mkutano na sijui nitaingiaje pale.

Mimi ni katibu wa chama cha wafuga nyuki hapa Itigi, mwaka wa tano sasa. Zamani tukishavuna tulikuwa tunawapigia wateja simu, ikaleta maneno, wa kwanza kupigiwa anachagua asali nzuri na wa mwisho anakuta makombo, basi wanachama wakaamua tangazo la msimu liende kwa barua pepe, wote siku moja, atakayejibu ndani ya wiki anawekewa mzigo wake, na inayobaki wanachukua madalali wa pale stesheni. Wateja walikuwa sitini na wawili, nikiwatumia wanajibu, na mwenyekiti wetu Mzee Lazaro akawa ananisifu mbele za watu mpaka naona aibu.

Mwaka huu nikataka kumfurahisha zaidi. Ofisini kwetu hakuna anayepita bila kusaini kitabu cha wageni, mlinzi wetu Hezekia hata ukija kuomba maji ya kunywa atakupa kalamu kwanza, na kuna safu ya simu na barua pepe, vitabu vitatu vimejaa. Nikakaa wiki mbili nanakili anwani zote, maafisa, wanafunzi wa utafiti, watu wa chanjo, mafundi sola, mpaka kwaya iliyosimama kwetu kuziba pancha, zikafika elfu moja mia moja na kitu, nikazichanganya na za wateja wetu, nikawatumia wote tangazo mchana mmoja. Mama, zaidi ya mia tatu zilirudi siku ile ile kwa sababu miandiko mingine nilikuwa nakisia tu, na dada mmoja akaniandikia kwamba baba yake alifariki mwaka juzi, mbona tunamsumbua na habari za asali. Niliumia, lakini nikajipa moyo, na kwa kuwa majibu yalikuwa machache nikatuma tena, na tena.

Wiki ikaisha hata wateja wa siku zote wako kimya, asali ikaenda kwa madalali. Ndipo nikampigia Mama Marietha wa Dodoma, ambaye ametununulia miaka sita na ule mwaka wa ukame alikuja mwenyewe kutupa pole, akaniambia, "Emiliana mwanangu, nimewakosea nini? Nimesubiri barua yenu mpaka nimechoka." Akatafuta huku tunaongea, akazikuta zote tatu kwenye barua taka, zimekaa pamoja na matangazo ya bahati nasibu. Nililia kwenye simu.

Kinachonichoma ni kwamba Mzee Lazaro hajui. Anawaambia wanachama, "Yule mama katutupa, kapata wa bei rahisi," na Ijumaa hiyo anataka jina lake lifutwe kwenye orodha ya wateja wetu. Aliponiuliza kama nilimtumia barua nikasema ndiyo nilituma, nikaishia hapo. Binamu yangu Peniel mwenye stationari ananiambia nifungue anwani mpya, niwatumie wote upya msimu wa pili ukifika, hakuna atakayejua. Nifanyeje mama?

Emiliana, Itigi

* * *

Marahaba Emiliana. Sijacheka. Barua yako nimeisoma na Godfrey, mpwa wangu anayefanya kazi hizi za kompyuta; ya kiufundi ni yake, ya kukugombeza ni yangu.

Kwanza pole. Mtu anayekaa wiki mbili anakisia miandiko ya watu kwa ajili ya chama chake si mtu mbaya, na hata mimi ningekusifu kama Mzee Lazaro. Lakini mwanangu, aliyesaini kitabu cha wageni alikuwa anaonyesha kwamba alifika. Hakuomba kuandikiwa. Na hizi kampuni zinazopokea barua pepe hazikujui wewe wala asali ya Itigi, zinaangalia mwenendo wako tu. Jana ulikuwa unatuma sitini, leo elfu. Mia tatu ni anwani ambazo hazipo. Waliobaki wanakasirika wanabofya kwamba hii ni taka. Zikakuweka kundi moja na matapeli, na uliporudia mara ya pili na ya tatu ukawa unazithibitishia.

Ushauri wa Peniel uache hukohuko dukani kwake. Anwani mpya haijulikani, na asiyejulikana akianza kwa kutuma elfu siku ya kwanza anashukiwa haraka zaidi. Bakini na anwani yenu. Pumzika kutuma matangazo wiki chache. Futa kila iliyorudi, futa wote uliowatoa kitabuni, na yule marehemu umfute leo hii, kisha umwombe radhi binti yake kwa maneno mawili. Aliyewasajilia jina la chama mtandaoni, lile linalokaa mwishoni mwa anwani yenu, mwambie aweke uthibitisho kwamba barua zinazotoka kwa jina hilo ni zenu kweli. Godfrey anasema ni kazi ndogo na wengi hawaifanyi. Halafu anza na wateja kumi wanaojibu kila mara. Wapigie, waombe waitafute barua yenu kwenye taka, waitoe, wakujibu hata neno moja. Wiki inayofuata ongeza kumi wengine, usiwe na pupa. Chini ya kila barua weka mahali pa kubofya asiyetaka tena, na akibofya mwache aende, usimbembeleze. Mgeni akija ofisini, muulize kwa mdomo kama anataka habari za asali, akikubali ndipo umwandike. Itachukua miezi, na msimu wa pili huenda barua zikawafikia nusu tu ya wateja wenu. Hao wengine wapigie simu siku hiyo hiyo, wanachama wakijua.

Hayo yote yanarekebishika. Ninachohangaika nacho ni Mama Marietha, anayesemwa vibaya hapo Itigi wala hana habari. Ulisema ulituma. Ni kweli, ulituma, na umeutumia ukweli huo kujificha nyuma ya mama wa watu. Hapo nimekukasirikia, tena sana.

Usingoje mkutano. Nenda nyumbani kwa Mzee Lazaro kesho asubuhi, kabla hajatoka kwenda kwenye mizinga, umsalimie, ukae chini, umweleze kama ulivyonieleza mimi. Atafoka. Mwache afoke mpaka amalize. Kisha mpigie Mama Marietha palepale, umwombe radhi mzee akisikia, na umpe simu waongee wenyewe.

Wanaweza kukuvua ukatibu, sitakudanganya. Lakini mpaka siku hiyo wewe ndiye unayeandika muhtasari wa mkutano, na jina la yule mama likifutwa Ijumaa, litafutwa kwa mkono wako.