Herufi Zinazotaka Meno

Jumatatu, 19 Januari 1953
Yametoka. Meno yote ya juu, kumi na moja yaliyokuwa yamebaki. Daktari alisema mizizi imeoza, hakuna la kuokoa. Sikulia. Sikuzani, mke wa mwanangu, alinishika mkono toka hospitali hadi hapa Kanyenye, mvua inatupiga, nami nimeziba mdomo kwa kanga. Uji hauteremki. Nimetema damu kutwa.

Jumanne, 3 Februari
Nimefungua tena chuo changu cha Kurani leo. Wasichana kumi na wanne, mkeka umejaa. Shikamoo, Mwalimu. Nikasema marahaba — hata hiyo imetoka kama upepo.
Kisha herufi. Thaa inataka ncha ya ulimi iguse meno ya juu. Dhali vilevile. Ulimi wangu ulikwenda, haukukuta kitu. Nikasema thaa, ikatoka faa. Wakaitikia kwa sauti moja: faa. Nikarudia polepole. Faa. Hawakucheka. Afadhali wangecheka. Miaka ishirini na mbili nawaambia wasichana, tazama mdomo wa Mwalimu, fuata mdomo wa Mwalimu. Wanafuata.

Ijumaa, 20 Machi
Mwanajuma amekuja, jirani yangu. Alizunguka sana — mvua, mahindi ya ndugu zake kule Puge, kikohozi cha mumewe — ndipo akasema. Binti yake alisali kwa sauti nyumbani, baba mtu akasikia "allavina" badala ya alladhina ndani ya Alhamdu. Atampeleka kwa Mwalimu Yahaya, mwenye chuo kingine.
"Usinichukie, Mwalimu wangu. Wewe pumzika, upone."
Nikamwambia sina chuki. Kweli sina. Huyo Mwanajuma mwenyewe nilimsomesha mimi, hapa hapa, alipokuja hawezi kutenga r na l, ulimi wa Kinyamwezi mtupu.
Aliondoka bila kumaliza kahawa. Wanne walikwisha kumtangulia binti yake; wasichana wamebaki tisa.

Jumamosi, 18 Aprili
Fundi wa meno, Mhindi, ameshuka na gari moshi la kutoka Dodoma. Fizi zimekauka sasa, anasema. Akanijaza nta mdomoni kupima meno ya bandia, ladha ya mshumaa, pumzi ikanikatika. Twalibu alinisubiri mlangoni na nguo zake za karakana ya reli, mafuta hadi viwikoni. Mama, utasoma kama zamani. Mwanangu anaamini. Nami niliamini, njia nzima hadi nyumbani.

Alhamisi, 7 Mei
Yamefika. Meupe mno kwa mtu wa miaka hamsini na sita.
Nilifunga mlango nikasoma Yasini yote. Thaa sasa inatoka saa. Sini inapiga mluzi. Nikiharakisha yanateremka, yanagongana. Nikaanza tena. Nikaanza mara ya tatu. Fizi zimechubuka, Sikuzani kanipaka asali ya Sikonge kwa kidole, kama mtoto. Alikuwa amesikia yote pale nje.

Jumatatu, 11 Mei
Nimekwenda kwa Mwalimu Yahaya. Nikamwuliza habari ya sala yangu, kama inafika. Akasema anayesoma kwa tabu ana thawabu mbili, Mungu anakijua kinywa chako. Nikashukuru. Nikasimama niondoke. Akatazama chini.
"Lakini, Bi Swaumu, kusoma ni kimoja, kusomesha ni kingine."
Nilikuwa nalijua. Nilitaka tu lisisemwe.
Alasiri nimewaambia wale tisa wasirudi. Mmoja akauliza wamekosa nini.

Jumamosi, 16 Mei
Ramadhani, siku ya pili. Kila mwaka wanawake wa mtaa husoma kwangu mwezi mzima, mimi natangulia, wao wanafuata. Nilimwagiza Sikuzani awaambie mwaka huu hakuna. Hakuwaambia. Wamekuja, nawasikia uani, wanatandika mikeka.
Mimi niko chumbani. Naandika ili mkono ufanye kitu. Meno yako mapajani, ndani ya leso. Nikiyavaa, mluzi. Nisipoyavaa, upepo. Sikuzani amegonga mara mbili. Mama, wanakungoja. Nimejibu nakuja, mara zote mbili, na sijasimama.
Jua limefika ukutani.
Sasa mtu anamwambia Mwanajuma aanze yeye, Mwalimu atatukuta mbele. Mwanajuma anakataa. Wanamsihi. Anakataa tena, kisha anakohoa kusafisha koo.
Anasoma. Polepole, kwa woga. Amefika kwenye alladhina, na dhali imekaa pale pale pake. Niliiweka mimi hapo, alipokuwa na miaka minane, nimemshika kidevu, nikimwonyesha meno yangu.
Wanaitikia wote.
Nimeyafungua meno kwenye leso. Yana joto la mapaja yangu. Nasubiri Sikuzani agonge mara ya tatu, nitoke.
Wamepita aya ya kumi. Hajagonga, nami sijasimama.