Kabla ya Kikombe cha Tatu

Mdogo wangu Wubit,

Salamu kutoka Dessie, baridi yetu ni ileile. Ukuta wa katikati ya maabara ya hospitali nimeubomoa! Sasa damu inaingia mlango huu, inapita mashine hadi mashine, majibu yanatokea mlango ule. Hakuna kupigana vikumbo tena. Gashaw, mvivu wetu wa maabara, alilalama, "Dada, sasa nitaegemea wapi?" Nikamwambia, "Egemea kazi!"

Leo tumeizindua kwa kahawa uani. Damu ya mgonjwa iliingia tukinywa kikombe cha kwanza. Cha tatu, kile cha baraka, hakijajazwa, daktari akawa na majibu mkononi. Wenzangu walipiga vigelegele. Mimi nilikumbuka majibu ya Mama, yaliyotufikia tukiwa matangani.

Uliapa hutakanyaga tena hospitali hii. Njoo ujifungulie hapa, Wubit. Damu yako nitaipima mimi.

Dada yako,
Tsigereda