Kamba za Mkalimani

Logan, Australia, 8 Machi 1998

Mama yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute umekaa barazani na si kitandani, na goti lako liwe limekubali zile dawa nilizompa mchungaji akuletee. Sisi huku wazima. Watoto wanakua, ila huyu mkubwa amegoma kula magimbi, anataka mkate tu asubuhi na jioni. Nimemwambia nitamleta Savai'i umnyooshe.

Mama, nimemwona Mzee Vaelua. Najua habari za ajali zimeshafika huko. Gari la familia yao lilimgonga kijana aliyekuwa kwenye baiskeli, na kijana akafariki. Nani alikuwa kwenye usukani, hakuna anayesema. Wazazi wa marehemu ni watu wetu, Wasamoa wa kisiwa cha Upolu, kwa hiyo kesho yake alfajiri mzee alifanya ifoga ya kuomba msamaha. Akaenda kuketi mbele ya nyumba yao, mkeka wa heshima kichwani, mawe na kuni mbele yake, kama mtu aliye tayari kupikwa. Hapa hapa Logan, Mama, gari la takataka linapita! Wenyewe walimfunua, wakalia naye, wakampa kakao. Kwetu mambo yangeishia hapo. Lakini jirani mzungu alikuwa dirishani, akawapigia polisi kwamba muuaji amekuja kuungama.

Juzi walimleta mahakamani, na mkalimani wa zamu nilikuwa mimi. Niliwaambia si ndugu yangu, ni wa kijiji kimoja tu, wakasema haidhuru, hakuna mwingine. Mzee aliponiona uso ulimchangamka. "Binti wa Lupe," akasema, "umenenepa!" Hakimu akauliza amesema nini. Nikamwambia mzee anaisalimu mahakama.

Wakamuuliza kwa nini alikwenda kukaa pale. Akajibu kwa yale maneno yake ya kizee, mafupi mafupi, nami nikayapanga vizuri nikayasema. Hakimu akaandika. Mwendesha mashtaka akanishukuru baadaye, akasema Kiingereza changu kinapendeza. Mzee amerudishwa rumande mpaka kesi isikilizwe. Inaniuma, lakini mimi kazi yangu ni kupitisha maneno tu.

Msalimie Eseta, mke wake. Mwambie mzee anakula.

Mwanao,
Losi


Savai'i, Samoa, 29 Machi 1998

Losi mwanangu,

Nimepata barua yako na dawa zako. Goti linashukuru, linakusalimu. Mimi mzima, kuku wazima, mjomba wako Leota mzima na ubishi wake. Huyo mjukuu wangu asiyetaka magimbi mlete, nitamlisha hadi aombe ya kubeba.

Salamu zako kwa Eseta sijazifikisha. Nilianza kwenda, nikaishia kwenye uzio. Nakueleza kwa nini.

Ndugu zao wa huko walipiga simu dukani. Walisema Vaelua, kwa mdomo wako wewe, ameiambia mahakama kwamba kosa ni lake yeye na anajua hivyo, na sasa wanamhesabu kuwa ndiye dereva. Eseta alicheka, Losi. Alicheka mpaka muuza duka akaogopa. "Vaelua?" akasema. "Mume wangu hajawahi kuendesha hata baiskeli! Hata farasi alimwangusha mbele ya Askofu!" Kisha akakaa chini pale dukani, kwenye magunia ya sukari, akalia kilio ambacho sijakisikia tangu alipomzika mama yake.

Dereva ni Fetu, mpwa wao waliyemlea. Kijiji kizima kinajua, maana yupo hapa. Mzee alimpandisha ndege kabla polisi hawajafika. Kanisani anakaa nyuma kabisa, na chakula anakigeuzageuza tu. Vaelua hatamtaja. Chifu gani anamtaja mtoto wake kwa askari?

Sasa nikuulize, wewe uliyekulia kwenye nyumba ya Eseta ukila shelisheli zake. Anayejifunika mkeka ndiye aliyetenda? Baba yako alipokaa chini ya mkeka kwa ajili ya ngumi za kaka yako, baba yako alikuwa amempiga nani? Yule hata panya alikuwa anamwonea huruma.

Mzee alisema nini pale mahakamani? Na wewe ulisema nini? Niandikie yote mawili, kila moja peke yake. Usinipambie.

Mama yako


Logan, 19 Aprili 1998

Mama,

Nakusalimu, na natumaini u mzima. Mimi sijui niseme mzima au vipi. Sina homa, lakini silali.

Umetaka yote mawili. Mzee alisema: "Kijana amekufa. Gari ni la kwetu. Kosa liko nyumbani kwangu. Nimejifunika mkeka."

Mimi nikasema: "Anasema kwamba, kwa kuwa kijana alikufa kwa sababu ya gari lake, na kwa kuwa anaamini kwamba yeye ndiye mwenye kosa, aliona ni lazima aende kuomba msamaha."

Ukiyatazama haraka utasema yamefanana. Nami nilijiambia hivyo wiki nzima. Lakini Kiingereza, Mama, hakipendi maneno yakae hivi hivi kila moja kwenye mkeka wake. Kinataka yafungwe kamba: kwa sababu, kwa hiyo, ingawa, anaamini kwamba. Usipofunga, wanakutazama kama mtoto aliyekatishwa masomo. Mzee alipokuwa akisema vipande vyake vinne na kunyamaza katikati, nilimwona yule mwendesha mashtaka anatabasamu na kutazama saa. Niliona aibu. Mzee Vaelua, ambaye akisimama kwenye baraza la kijiji hata mbwa wanatulia, anachekwa na kijana wa juzi! Nikataka asikike mtu mzima. Nikamfungia kamba, na kamba zikamfunga yeye.

Hakusema popote kwamba anaamini. Imani hiyo niliitia mimi kichwani mwake.

Na nilijua kwamba hajui kuendesha. Hilo ndilo linalonitafuna. Nilipotoka nje nilikumbuka kisa cha farasi, nikasimama kwenye ngazi, nikafikiria kurudi ndani. Halafu nikaona nitachelewa kuwachukua watoto shuleni. Sikuchelewa, Mama. Nilifika nikawangoja.

Sauti yake ipo kwenye kanda ya mahakama, lakini pale hakuna anayejua lugha yetu ila mimi. Nikienda kusema nilikosea, watanifutia cheti, na kila kesi niliyowahi kutafsiri itafukuliwa. Nyumba hii inasimama kwa mshahara wangu mmoja. Labda wakili wake atatafuta njia nyingine. Labda Fetu atajitokeza mwenyewe.

Nakuomba, usimwambie Eseta. Naomba kwa jina la marehemu baba.

Mwanao,
Losi


Logan, 17 Mei 1998

Mama,

Sijapata jibu lako. Mchungaji amerudi mikono mitupu, anasema ulimwambia huna la kuandika. Mama, ungenitukana ningefurahi.

Nilipita rumande na mfuko wa machungwa. Nikamwachia askari mlangoni, nikaondoka kabla mzee hajaitwa.

Losi


Savai'i, 14 Juni 1998

Losi,

Salamu. Mimi mzima isipokuwa goti, na utaona kwa nini.

Aliyekupa barua hii ni Fetu. Usimwache mlangoni. Mpe chakula kwanza, ndipo usome.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa natafuta mtu wa kwenda nami. Nilimwendea mjomba wako Leota, maana ndiye chifu wetu, nikamwambia binti yetu ameikosea nyumba ya Vaelua, twende tukajifunike. Akaniuliza, "Amempiga mtu?" Nikamwambia hapana, ametafsiri. Akacheka hadi akakohoa. "Lupe, tangu lini kuna ifoga ya kutafsiri? Hayo ni mambo ya wazungu, waachie wazungu." Nikamwambia basi kaa na kikohozi chako.

Nikaenda peke yangu. Niliutoa ule mkeka ulioko juu ya kabati, ule niliousuka wewe ukiwa tumboni, niliouweka kwa siku ya kuzikwa kwangu. Sasa nikifa mtanifunika blanketi. Nikabeba kuni. Mawe yalinishinda kwa sababu ya goti, nikachukua mawili tu, Mungu anajua.

Nilikaa mbele ya nyumba ya Eseta kabla jogoo hawajaanza. Nyumba yenyewe haina ukuta, unaijua, kwa hiyo aliniona mara moja. Akateremsha pazia zake za makuti, moja baada ya nyingine, upande wangu wote. Mvua ikanyesha, ikaacha. Mbwa wao akaja kuninusa. Jua likatoka, watoto wakapita kwenda shule, nikawasikia wakiulizana ni nani yule, mmoja akasema ni mama yake yule Losi wa mahakamani. Nililia hapo, sikufichi. Lakini sikuondoka. Mtoto ni wangu, kosa liko nyumbani kwangu.

Jua lilipokuwa limepanda nikasikia mtu anatambaa kwenye nyasi, ukingo wa mkeka ukainuliwa. Nikadhani ni Eseta. Alikuwa Fetu. "Mama Lupe," akasema, "sogea kidogo." Nikasogea. Tukakaa wawili chini ya mkeka, joto na harufu ya ukindu, mimi namshika mkono. Mimi nilikuwa nimekuja kwa ajili yako, naye alikuwa ametoka ndani ya nyumba ile ile kuja kujifunika mbele yake.

Eseta alipotoka akaona miguu minne. Akasimama. Kisha akatufunua, akatutazama, akaniambia, "Binti yako amekula shelisheli zangu miaka yote ile, na sauti ya mume wangu hakuitambua?" Akasema, "Ingieni. Chakula kitapoa." Tukala, naye alikuwa anatuongezea huku analia.

Fetu ameamua kurudi huko kujisalimisha. Yeye ana lake la kwenda kusema. Wewe una lako.

Mimi sikuagizi kitu. Nakueleza tu mahali nilipokaa.

Mama yako


Logan, 2 Agosti 1998

Mama yangu,

Naomba ikukute goti limepoa. Watoto wazima. Mkubwa amekula magimbi jana bila kuambiwa, nikaona nikuandikie.

Fetu alikula, nami nikasoma. Nilisoma nimesimama jikoni. Asubuhi tukaenda pamoja, yeye polisi, mimi mahakamani. Walipiga ile kanda mbele ya hakimu na wakanitaka niitafsiri upya. Nikasema: kijana amekufa. Gari ni la kwetu. Kosa liko nyumbani kwangu. Nimejifunika mkeka. Nilisimama baada ya kila moja, kama alivyosimama yeye. Hakimu akangoja. "Endelea," akasema. Nikamwambia ni hayo tu. Halafu nikawaeleza yale mengine yalikuwa ya nani.

Cheti wamekichukua. Siku hizi nafungasha kuku kiwandani na wake za mashemasi, wananicheka kwamba kisu kinanishinda. Fetu yuko ndani, anangoja hukumu yake. Wazazi wa marehemu walikwenda kumwona.

Mzee ameachiwa. Ukipata barua hii atakuwa ameshafika huko.

Nilimsindikiza uwanja wa ndege. Pale kwenye foleni, mbele ya watu wote, nilianza kupiga magoti. Akanishika bega. "Mama yako alishajifunika," akasema. "Goti lake bovu. Inuka." Nikainuka, lakini kumtazama nikashindwa, Mama, mpaka tukaagana. Mtazame wewe kwa niaba yangu.

Akaniangalia, akasema, "Binti wa Lupe. Umekonda."

Ofisa wa pasipoti akauliza mzee anasema nini. Nikamwambia alichosema.

Mwanao,
Losi